Nimelipia IP ya kudumu miezi mitatu, kamera sizioni, na bado naambiwa "ni hizo adapta zako"

Wakuu, salamu tutapeana baadaye. Niko Nansio, nimekaa juu ya gunia la dagaa, simu mkononi, na kwenye simu, badala ya picha za kamera za nyumbani, kuna kiduara kinazunguka tangu alfajiri. Kiduara hicho nakilipia shilingi 35,000 kila mwezi, mbali na bili ya intaneti yenyewe. Kampuni ya intaneti wanakiita "huduma ya IP ya kudumu", yaani anwani ya mtandao isiyobadilika.

Nianze na nyumba, la sivyo maswali yatakuwa mengi. Nakaa Kirumba, kule juu kwenye mawe. Wa Mwanza mnajua, hujengi unapotaka, unajenga jiwe linapokuruhusu. Nyumba iko mbele, stoo iko nyuma, na katikati kuna jiwe moja limekaa kama daladala iliyoharibika. Stoo ndimo zinamolala injini zangu mbili za mtumbwi, HP 15 kila moja, pamoja na nyavu na taa za kuvulia dagaa. Aliyewahi kuibiwa injini hataniuliza kamera za nini. Waifai haivuki lile jiwe. Ukisimama mlangoni mwa stoo unapata mstari mmoja, ukiingia ndani hamna kitu. Kuchimba mfereji wa kebo labda upate baruti. Ila umeme tayari unafika stoo, waya umepita juu, basi nikanunua adapta za pawalaini, zile za kupitisha mtandao kwenye waya wa umeme. Moja nikachomeka karibu na ruta, nyingine stoo, DVR ya kamera nne (kile kisanduku kinachorekodi picha) ikaunganishwa hapo.

Boksi limeandikwa Mbps 600 kwa maandishi makubwa kuliko jina la mtengenezaji, wakati tundu lake la kebo mwisho ni 100. Mimi nilipata 11. Nikaitoa kwenye friji gadi, nikaichomeka soketi ya ukutani moja kwa moja, ikapanda hadi 43. Pampu ya maji ikiwaka inashuka hadi 20 hivi, ikizimwa inarudi. Kwa kamera nne hiyo inatosha na chenji inabaki. Kwa hiyo msianze na habari za spidi. Na nyumba ni ya fezi moja, mita moja, kwa hiyo msiseme adapta ziko kwenye fezi tofauti.

Sasa hawa jamaa wa intaneti. Kijana wao wa mauzo nilimweleza neno kwa neno: nataka nikiwa kisiwani niingie kwenye DVR yangu moja kwa moja, bila kupitia seva ya mtu. Akasema unahitaji IP ya kudumu, ukishakuwa nayo unafungua poti (mlango wa kupitia kutoka nje) kwenye ruta, umemaliza. Hapo alikuwa sahihi, mradi IP yenyewe ifikike kutoka nje. Nikalipa siku hiyo hiyo.

Haikufanya kazi hata dakika moja. Nikapiga simu huduma kwa wateja.

"Kaka, umejaribu kuzima na kuwasha?"

Nimezima, nimewasha.

"Una kifaa kingine chochote kimeunganishwa kwenye ruta?"

Kosa langu lilikuwa kusema ukweli. Nilipotaja pawalaini tu, dada akapumua kama mtu aliyeokota pesa. Kuanzia siku hiyo, kila nikipiga, hata akipokea mwingine, jibu ni lile lile: kaka, hizo adapta zako zinazuia poti. Wakamtuma hadi fundi. Alipanda na bodaboda mpaka njia ilipoishia, akamalizia kwa miguu, akafika anahema. Akaitazama ile adapta ukutani, akaigusa kwa kidole kama anayepima pasi, akasema, "Mzee, hiki ndicho kinakula IP yako." Akaandika kwenye karatasi yake, akaondoka. Ruta hakuifungua hata kwa dawa.

Jamani, adapta ya pawalaini haigawi IP na haifungi poti. Ni daraja tu. Daraja la Kigongo–Busisi linapitisha basi la Geita na lori la Sengerema, haligawi namba za magari wala haliulizi abiria anashukia wapi. Hii nayo inachukua kilichokuja na kebo, inakipandisha kwenye waya kwa masafa ya kuanzia MHz 2 kwenda juu (umeme wenyewe uko Hz 50, chini kabisa, hawagombani), inakishusha upande wa pili kama kilivyokuwa. Poti haiijui ni mdudu gani.

Ila nisijifanye mtakatifu. Kwangu mle ndani kulikuwa na tatizo kweli, na lilitokea kwenye huo waya wa umeme. Nalisema lote kwa sababu limenila wiki mbili, na huenda kuna mwenzangu linamla sasa hivi.

DVR niliipa IP kwa mkono, 192.168.1.50. Asubuhi naipiga pingi (naiita kwenye mtandao nione kama ipo) inajibu. Mchana haijibu. Jioni inajibu tena. Nikadhani ruta imempa mtu mwingine namba hiyo hiyo, nikabadilisha fungu la DHCP, yaani namba ambazo ruta inagawa yenyewe, lianzie 100 hadi 199 ili 50 ibaki nje. Hakuna kilichobadilika. Siku moja nikabeba laptopu hadi stoo, nikachomoa DVR, nikachomeka laptopu kwenye adapta. Intaneti ikaja. Nikaandika 192.168.1.1 niingie kwenye ruta, ukafunguka ukurasa wa kuweka nenosiri. Ukurasa wa kijani. Ruta yangu ukurasa wake ni wa bluu.

Nilikaa kwenye ndoo nikautazama ule ukurasa, mkuu. Halafu nikaandika arp -a, amri ya kuonyesha nani hasa anatumia namba gani. Anwani ya MAC (namba ya kiwandani ya kifaa) ya 192.168.1.1 ilikuwa inaishia na 3e. Nikarudi nyumba kubwa kusoma kibandiko chini ya ruta yangu: b4.

Maana yake kulikuwa na ruta mbili kwenye waya mmoja, zote zinajiita 192.168.1.1, zote zinagawa IP. Anayewahi kujibu ndiye anakuwa baba wa kifaa.

Nina mpangaji, kijana mmoja mstaarabu, ana saluni ya kiume mbele ya nyumba, na tunatumia mita moja. Nikamgongea saa tatu usiku.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Una vidude vya kuchomeka ukutani vya intaneti?"

Anavyo. Chumbani kwake kuna ruta ya laini ya simu, akanunua adapta jozi moja ipeleke mtandao saluni wateja waangalie mpira. Duka lile lile la mjini nililonunua mimi, aina ile ile. Muuzaji alimwambia yale yale aliyoniambia: chomeka tu, inajiunga yenyewe. Inajiunga, ndiyo! Zinatoka kiwandani zote na ufunguo mmoja, kwa hiyo zikikutana kwenye waya mmoja zinakumbatiana zote nne. Usimbaji wa biti 128 upo, lakini kufuli ina faida gani kama kila nyumba imepewa ufunguo mmoja? Kijana naye alikuwa analalamika kwamba kwenye laptopu yake kumetokea kifaa kinaitwa DVR, akadhani ni mambo ya TV ya saluni. Kamera zangu za stoo, wakuu. Zilikuwa zinamsubiri tu abahatishe nenosiri.

Dawa yake ni kitufe. Kila jozi unakibonyeza kwa muda mrefu hadi isahau ufunguo wa kiwandani, kisha unabonyeza kidogo kwenye moja, na ndani ya dakika mbili unabonyeza kwenye ya pili. Zinatengeneza ufunguo wao wenyewe. Tulianza na za kwangu, tukamalizia na zake, mpira ukamkatikia dakika kumi, akavumilia. Tangu usiku ule pingi mia zinajibu mia, kwa milisekunde 3 hadi 5. Hilo limekwisha, na lawama yake namgawia muuzaji na mimi mwenyewe niliyetupa kijitabu bila kukisoma.

Nikafungua poti 37777, inayotumiwa na DVR yangu, kwenye ruta, ielekee 192.168.1.50. Ndani ya nyumba kamera safi. Nikazima waifai kwenye simu, nikajaribu kwa bando: kiduara.

Nikafanya ambacho fundi wao alipaswa kukifanya siku ile. Nilichomoa adapta zote nyumbani, na za kijana pia. Nikaileta DVR sebuleni, nikaiunganisha kwenye ruta kwa kebo ya mita moja. Kwenye njia hakuna pawalaini kabisa. Nikajaribu kutoka nje: kiduara kile kile. Nimerekodi video kuanzia mwanzo hadi mwisho, adapta zikiwa zimepangwa juu ya meza kama sahani za sikukuu.

Ndipo nikafungua ukurasa wa hali ya ruta, upande wa WAN, yaani unaotazama kampuni ya intaneti. Imeandikwa 100.79 na tarakimu zake. Nikafungua ile tovuti ya kukuonyesha IP yako ya nje, ikaja namba nyingine kabisa.

Mnaojua mmeshacheka. Namba zote kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za intaneti kuwarundika wateja nyuma ya IP moja ya umma. Mtindo huo unaitwa CGNAT. Kutoka nje huko hakuingiliki, hata ufungue poti zote 65,535. Umefungua mlango wa chumba wakati geti la mtaa limefungwa na ufunguo anao mwingine. Najua anwani za IPv4, hizi za kawaida, ni bilioni 4 na ushee tu na zimekuwa adimu, siwalaumu kwa kurundika watu. Nawalaumu kwa kuniuzia.

Nikapiga simu, nikamsomea dada namba. Kimya. Akaniweka kwenye muziki. Akarudi:

"Kaka, lakini hiyo IP yako haibadiliki, si ndiyo?"

Kweli haibadiliki. Nimeitazama miezi mitatu, ni 100.79 ile ile. Nimeuziwa namba ya ndani ya kampuni isiyobadilika, na kwenye risiti imeandikwa IP ya kudumu, na kwa akili yao hawajasema uongo!

Sasa kabla hamjaja na ushauri. Apu ya DVR inayopitia seva za watengenezaji ninayo, inafungua siku ikijisikia. Kukodi seva ndogo ya nje na kupitisha handaki la WireGuard (programu ya njia ya siri ya mtandao) kutoka kwenye laptopu ya zamani pia nakujua, na wiki ijayo huenda nikafanya hivyo. Ila siwezi kulipia njia ya pili wakati ya kwanza nimeshailipia 105,000. Naidai irudi yote, au wanipe IP ya umma niliyomweleza kijana wao wa mauzo. Nimewaandikia barua pepe yenye video na picha ya ukurasa wa WAN. Wakikaa kimya, ofisi ya TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza mjini, nitaipeleka kwa mkono.

Ninachoomba kwenu: aliyeko Mwanza mwenye IP ya umma ya kweli kwenye intaneti ya nyumbani aseme analipa shilingi ngapi, na kwenye ruta yake WAN inaanza na namba gani. Tarakimu mbili za mwanzo zinatosha, msiniwekee nzima.

NYONGEZA, saa 2 usiku: Wamejibu. Ujumbe mfupi wa simu: "Ndugu mteja, tatizo lako limetatuliwa. Chanzo: kifaa cha mteja." Nimejaribu hapa hapa gatini, kiduara. Nimelifungua tena suala, dada aliyepokea ananiuliza kama ile adapta bado iko ukutani.