Mafundi wa spika Tabora, nani aliwaambia sebule ni baa?

Mwangaluka wakuu. Mods, naomba msiunganishe uzi huu na ule wa "spika gani nzuri". Spika ninazo na ni nzima. Nina hasira na watu wanaolipwa kuja kuzifunga.

Nipo Tabora mjini, upande wa Ipuli. Nilinunua spika mbili na amplifaya kwenye duka moja hapa mjini, vikalia vizuri palepale dukani mpaka wapita njia wakasimama. Duka likanipa fundi wao. Jamaa kaingia na drili mkononi. Hakuuliza nakaa wapi nikisikiliza, hakupima kitu. Spika moja kaipachika kona ya juu kabisa karibu na mlango wa jikoni, nyingine kaisokomeza ndani ya kabati la TV, kabati la mninga la watu, katikati ya glasi za harusi. Namuuliza mbona moja juu moja chini? "Bosi, ya juu inatawanya sauti, ya chini inakupa besi." Hela ya kazi kachukua yote.

Matokeo yake mwimbaji yuko jikoni, gitaa liko kwenye TV, na besi ni mbu-mbu-mbu, huwezi kujua noti ipi ni ipi. Glasi nazo zinaitikia. Napiga simu dukani, najibiwa niongeze sabufa yenye wati nyingi zaidi.

Jamani, wati! Ukiongeza wati mara 2 unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ili sikio likubali kwamba sauti sasa ni kubwa mara 2, unahitaji kama mara 10 ya wati ulizokuwa nazo. Na hapo utakuwa umepata uchafu uleule, ila wa kusikika mpaka kwa jirani.

Nadhani najua ugonjwa unapotoka. Hawa mafundi wamezoea baa na kumbi. Baa spika hutundikwa juu ili sauti ipite vichwa vya watu wa mbele na kuwafikia wa nyuma, na hakuna anayejali mwimbaji amesimama wapi. Nyumbani msikilizaji ana kiti chake. Sauti nyembamba inatoka kwenye twita, kile kispika kidogo ndani ya boksi la spika, na inakwenda mbele kama mwanga wa tochi, kwa hiyo twita inatakiwa iwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Kwa sofa zetu hizi ni kama sentimita 90 mpaka mita 1 kutoka sakafuni. Ukiipachika kule juu, matoazi na herufi za "s" na "sh" zinakupita kichwani.

Nikazing'oa. Seremala wa mtaani akanitengenezea stendi mbili kwa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kazi zake. Spika na spika mita 2, na kutoka kila spika mpaka kichwani kwangu mita 2, pembetatu yenye pande sawa. Nikazisogeza mbele kidogo zisigande ukutani, kwa sababu ukuta unairudisha besi na kuivimbisha, na kona inaivimbisha zaidi maana pale kuta mbili na sakafu zinafanya kazi hiyo kwa pamoja.

Bado mziki ukawa mwepesi. Nageuza spika nyuma nakuta fundi kabadilisha waya upande mmoja, mwekundu kauweka kwenye mweusi! Koni moja (ile sehemu ya spika inayotetemeka) ikisukuma mbele, nyenzake inavuta nyuma, besi zinafutana hewani. Mtu anayejiita fundi, jamani. Rangi mbili tu.

Kuna kipimo cha bure ambacho kila Mtabora anacho. Chukua wimbo wowote wa zamani wa bendi zetu, Tabora Jazz au Kiko Kids. Nyingi za enzi hizo zilirekodiwa mono, yaani kilichomo kushoto ndicho kilichomo kulia. Spika zikikaa sawa, mwimbaji anasimama katikati, pale ukutani ambapo hakuna spika yoyote. Akiegemea upande, umbali haulingani au balansi haiko sawa. Akipotea kabisa, sauti ikawa kama inatoka kila mahali na besi haipo, kaangalie waya.

Sasa sofa, na hapa najua mama wa nyumbani wengi watanirushia mawe. Sofa kugandamizwa ukuta wa nyuma ndiyo desturi yetu, wageni wapite katikati. Lakini sauti inasafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Sebule yenye urefu wa mita 4 ina besi yake inayoipenda, kama hezi 43 (yaani mitetemo 43 kwa sekunde), na uzi mnene wa gitaa la besi lenye nyuzi 4 unalia hezi 41. Noti hiyo inajaa kwenye kuta za mwisho na kukauka katikati ya chumba. Ukikaa ukutani inakupiga kifuani, ukikaa katikati kabisa inatoweka. Pazuri ni kama theluthi ya chumba kutoka ukuta wa nyuma. Sebule ndogo? Vuta sofa hata sentimita 50 ukisikiliza, wageni wakija irudishe. Mke wangu kakubali kwa masharti, sitayataja hapa.

Na yule fundi mwingine aliyekuja kunishauri nibandike trei za mayai ukutani: hazizuii besi hata kidogo, ni kufuga vumbi tu. Bora zulia nene sakafuni na pazia zito pale sauti inapogonga ukuta wa pembeni. Kupajua, kaa kwenye kiti chako, mtu asogeze kioo ukutani. Unapoiona twita ndani ya kioo, hapohapo. Kanga moja haitoshi, msijidanganye.

Kama yupo fundi Tabora anayeanza na futikamba kabla ya drili, aje inbox nimpe kazi ya kwa shemeji yangu Isevya, naye kafungiwa hivihivi na watu walewale. Wa "ongeza wati" mpite kimyakimya.

NYONGEZA: Wanaouliza sabufa iwekwe wapi. Iweke juu ya kiti unachokalia, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha wewe tambaa pembezoni mwa kuta, masikio yawe karibu na sakafu. Utakaposikia noti zote zinalingana, sabufa inakaa hapo. Fungeni mlango kwanza, watoto wasiite majirani.