Jiko linatugandisha miguu: sakafu ya joto kwa dola 1,500, inawezekana?

Mtu wa Pangani
Wakuu, habari za wakati huu. Niko Minneapolis, nyumba ya mbao ya miaka ya hamsini. Jiko chini yake ni uvungu mtupu, ardhi na utando wa buibui. Juzi nje ilikuwa nyuzi 24 chini ya sifuri. Nikalaza kipimajoto sakafuni alfajiri, kikasoma 9, huku thamostati ya ukutani inajidai 20.

Bi mkubwa yuko nasi tangu Oktoba na hataki kusikia habari ya kukuna nazi kwa mashine. Anakaa kwenye mbuzi yake, soksi mbili, kanga kaizungushia magotini, na bado baridi inampanda.

Fundi kaja, kapendekeza mabomba ya maji moto chini ya sakafu, dola 13,800. Mimi ninazo 1,500. Ukitoa makabati, pa kukanyaga ni kama futi za mraba 60. Sakafu ni vigae vya vinaili vya inchi 9 kwa 9, nataka kuvibandua Jumamosi.

FundiUvungu
Jumamosi usibandue kitu! Vigae vya inchi 9 vya enzi hizo mara nyingi vina asbesto, yale madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu. Peleka kipande maabara kwanza. Ikiwa ipo, vikiwa vizima ni afadhali kuvifunika kuliko kuvibandua.

Halafu ingia uvunguni na tochi. Sakafu ya nyuzi 9 ndani ya nyumba ya 20 maana yake upepo unapita. Ziba pale mbao zinapokalia msingi, kata sponji ngumu uijaze pembeni, jaza pamba ya kuzuia baridi kati ya boriti, tandika nailoni juu ya udongo. Bila hivyo utawapashia joto panya. Angalizo: mabomba ya maji yakipita humo, yabaki upande wenye joto. Ukiyaacha chini ya pamba yataganda na kupasuka.

Mswahili_Hamburg
Huku nyumba nyingi mpya zina sakafu ya joto ya maji, na za zamani wanachonga mifereji kwenye zege na kulaza bomba humo. Raha tupu. Nunua bomba za plastiki za PEX, zibane chini ya mbao kwa vibati vya alumini, unganisha na tangi lako la maji moto. Kwisha.

FundiUvungu
@Mswahili_Hamburg, hana zege, ana mbao. Na maji yaliyolala kwenye bomba kiangazi kizima, kisha yarudi kwenye bomba la kunywea? Mimi siyanywi. Ukitenganisha mifumo unahitaji pampu, kibadilisha joto, vali, na hapo 1,500 imekwisha kabla hujalipa mtu. Kwa chumba kimoja haina maana. Nyumba nzima, hapo tuongee.

Shangazi_Columbus
Sisi tuliweka mkeka wa umeme bafuni, yaani wavu wenye waya wa joto unaolazwa chini ya vigae. Ule wavu unaruhusiwa kuukata ili ugeuze kona, waya haukatwi kamwe. Mume wangu akakata waya. Tukanunua mwingine.

Kwa hiyo pima ukinzani wa waya kwa mita ukiwa bado kwenye boksi, pima ukishautandaza, pima tena baada ya vigae. Namba zikibadilika, simama. Usipitishe chini ya makabati. Na usiwashe kabla gundi ya vigae haijakauka siku zilizoandikwa, hata mama akilia.

FundiUvungu
Hesabu ya mkeka: wati 12 kwa futi ya mraba, mara 60, ni wati 720. Ukiwasha saa 11 alfajiri hadi saa 3, ni kama yuniti 2.9 kwa siku. Breka ya ampea 15 inatosha, ila iwe yake peke yake, yenye kinga ya kukata umeme ukivuja. Kibali cha jiji chukua, na hapo kwenye breka mlipe fundi umeme.

Mtu wa Pangani
Nimetoka uvunguni sasa hivi, nywele zote vumbi. Nyuma ya sinki kuna pengo mkono wangu unapita hadi kiwiko! Nimeliziba kwa sponji, kesho nanunua pamba. Kipande cha kigae kinaenda maabara Jumatatu. Bi mkubwa anauliza: sakafu ikishapata moto, ataweza kutandika godoro lake hapo mchana?

Shangazi_Columbus
Mwambie godoro hapana, joto litakosa pa kutokea na waya utaungua. Mbuzi yake haina neno.