Haida Gwaii waliponda nungunungu wa baharini ili mwani urudi. Ni sawa?

Msafiri_BC: Wakuu, niko British Columbia, Kanada. Kule visiwa vya Haida Gwaii, mwaka 2018 Wahaida, wenyeji wa asili wa huko, pamoja na hifadhi ya Gwaii Haanas na wapiga mbizi wa biashara walianza kusafisha kama kilomita 3 za pwani ya kisiwa cha Murchison. Nungunungu wa baharini ndio waliomaliza mwani kwa kuula. Walionona walitolewa, mayai yao yakagawiwa wanakijiji. Wale wenye njaa, watupu ndani, walipondwa hukohuko chini, ili kelpu, ule mwani mrefu kupita mnazi, uote tena. Naunga mkono. Nyie je?

Jabali: Mnaua viumbe hai kwa ajili ya takataka za baharini? Mungu hakukosea kuwaweka hapo.

BintiPaje: Takataka? Futa kauli hiyo. Mama yangu kanisomesha kwa kulima mwani hapa Paje, Zanzibar. Bamvua likifika tunashuka alfajiri, tunafunga kipande kimoja kimoja kwenye kamba kwa taitai, vile vijikamba vya kufungia, mpaka vidole vinachanika kwa chumvi.

Jabali: Dada, sikumtaja mama yako. Mwani wa huko una faida gani?

Msafiri_BC: Samaki hering hutaga juu ya kelpu. Wahaida huvuna majani na mayai yake pamoja, wanaita k'aaw, wanakula. Kelpu ikiisha, na abaloni, konokono wa baharini anayeliwa, hana chakula.

BintiPaje: Bado sijasikia samahani.

Mzee_Tanga: Jabali, Mungu aliweka na fisimaji wa kuwala hao nungunungu. Biashara ya ngozi ikawamaliza fisimaji hao, karne ya 18 na 19. Binadamu ndiye aliyeharibu mizani, acha atengeneze.

Jabali: Basi warudishe fisimaji, waache nyundo!

Msafiri_BC: Fisimaji anakula na kaa na abaloni. Wavuvi nao watalia.

Jabali: Hapo ndipo mnapochagua nani afe. BintiPaje, samahani, neno lilinitoka vibaya.

BintiPaje: Nimepokea.

Mzee_Tanga: Binti, kottoni, ile aina ya mwani yenye bei nzuri, bado inaota Paje?

BintiPaje: Maji yamekuwa moto, inaoza ikiwa kambani. Tumebaki na spinosamu, aina nyingine ya mwani, na bei yake ni ndogo. Wenye uwezo wanahamia maji ya kina, lakini wengi wetu hatujui kuogelea wala hatuna boti.

Jabali: Wapiga mbizi wa kule walipewa kazi. Nyinyi nani anawafundisha kuogelea?