Mjadala: Mwanafunzi wa uzamili wa baiolojia asihitimu mpaka achapishe makala?

Mleta mada
Wadau, hamjambo. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: sharti la kuchapisha makala kabla ya kuhitimu lifutwe kwa wanafunzi wa uzamili wa sayansi za baiolojia, libaki kwa wa uzamivu. Tangu Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu itoe viwango vyake vya mwaka 2014, vyuo vyetu hapa Kenya vimezoea kudai makala kwenye jarida lenye wahakiki ndipo mtu avae joho.

Tuhesabu muda wenyewe. Uzamili ni miaka miwili kwenye karatasi, na wa kwanza unaishia darasani. Pendekezo likipita, unaomba idhini ya kamati ya maadili, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ukigusa wanyamapori unabisha hodi pia KWS, shirika la wanyamapori. Anayechunguza mbu wa masika akipata karatasi hizo Juni, mvua imeshakwisha. Viluwiluwi atavitoa wapi? Kemikali za PCR (njia ya kuzidisha nakala za DNA maabara) nazo zinaagizwa nje, vimeng'enya vyake vinataka nyuzi 20 chini ya sifuri, na stima ikipotea wikendi jenereta ikagoma, umerudi mwanzo. Mtu huyu akishatetea tasnifu, akasahihisha na kuijalidi, bado mnamwambia angoje wahakiki wanaoweza kukaa na makala yake nusu mwaka. Karo ya muda huo analipa nani?

Hapo ndipo majarida ya kitapeli yanapovunia. Unalipa, baada ya siku chache makala iko hewani, hakuna aliyeisoma. Jeffrey Beall, mkutubi wa Colorado, aliyaorodhesha kwa miaka, mpaka orodha yake ikaondolewa mtandaoni Januari 2017. Majarida yenyewe yapo hadi leo.

Mhadhiri, Kisumu
Napinga. Tasnifu iliyolala rafuni haimkingi mtu na malaria. Mapema 2023 KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ilitangaza kwamba *Anopheles stephensi*, mbu aliyetoka Asia na anayezaliana hata kwenye matangi ya maji mijini, amepatikana Marsabit. Habari kama hiyo ingejificha katika sura ya nne ya tasnifu ya mtu, tungeijua lini? Nimesimamia wengi. Wakishapata cheti na kazi, simu yangu hawapokei. Joho ndiyo kamba pekee iliyobaki mkononi mwangu.

Mhitimu wa zuolojia
Mwalimu, kwa heshima zote, kamba hiyo ina ncha mbili. Rasimu yangu ilikaa kwa msimamizi muda mrefu kuliko ilivyokaa kwa wahakiki, na ilipotoka jina lake lilitangulia langu. Msimamizi naye anazihitaji makala ili apande cheo, jambo ambalo halitajwi kwenye vikao vya idara.

Mleta mada
Hoja ya mbu naikubali nzima, ila inaniunga mkono mimi. Kama shida ni data kufichwa, basi daini data. Sikwensi (mpangilio wa DNA uliosomwa) ziwekwe GenBank, hifadhidata ya umma ambako kuweka ni bure. Vielelezo vipelekwe Makumbusho ya Taifa Nairobi. Rasimu ipandishwe bioRxiv, tovuti ya makala za baiolojia ambazo bado hazijahakikiwa, iliyoanza 2013 na haitozi mwandishi hata senti, wakati baadhi ya majarida ya wazi (yanayosomwa bure) yanataka zaidi ya dola 1,000. Mwanafunzi aonyeshe namba za usajili wa data hizo, ahitimu, uhakiki wa jarida uendelee huku ameshaanza kazi. Mbu wa Marsabit angejulikana mapema zaidi kwa njia hii kuliko kwa kusubiri jarida.

Mhadhiri, Kisumu
bioRxiv haina wahakiki. Mtu akipandisha upuuzi?

Mleta mada
Kwani watahini wa ndani na wa nje walipitisha nini? Kama hatuwaamini, tuwabadilishe wao. Mhakiki wa jarida Ulaya hakuwahi kuajiriwa na chuo chetu kutahini mtu.

Mdau wa botania
Mnaongea kana kwamba sote tuna sikwensi. Mimi nilihesabu miti msituni Kakamega. Niweke nini?

Mleta mada
Rekodi za spishi: jina, mahali, tarehe, aliyekusanya. GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya rekodi za viumbe, inazipokea kupitia taasisi iliyosajiliwa nayo, kwa hiyo swali ni kama chuo chako kimejisajili. Kama bado, hilo ni deni la chuo, si lako.