Naomba ushauri: mabwawa ya majitaka yamejaa tope na mto wetu unachafuka

Ndugu wanajumuiya, habari za kazi.

Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji katika mji mdogo wa Nyanda za Juu Kusini, Tanzania, na mto tunaoutumia unapita chini ya mabwawa ya majitaka ya mji. Mabwawa ni matatu yanayofuatana. La kwanza, ambalo ndilo linalopaswa kutuamisha uchafu mzito, limejaa tope kiasi kwamba nyasi zimeota katikati yake, na bado magari ya kunyonya vyoo yanaendelea kumwaga humo. Maji yanayotoka bwawa la mwisho yananuka, na hatua chache tu chini yake akina mama wanamwagilia mchicha unaouzwa sokoni, jambo linaloniumiza sana.

Tumewaandikia wahusika, wakatujibu kwamba fedha za kuondoa tope hazipo. Badala yake wanapendekeza kujenga ardhioevu ya changarawe na matete, yaani kitanda cha changarawe kilichopandwa matete ambamo majitaka hupita yakisafishwa, baada ya bwawa la mwisho. Nafahamu kwamba kiwango cha taifa kinataka BOD ya siku tano (kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu hutumia kuozesha uchafu ulio majini) isizidi miligramu 30 kwa lita, na kwamba kibali cha kutiririsha majitaka mtoni hutolewa na bodi ya maji ya bonde chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009.

Naomba kuuliza: je, matete yatafanya kazi ikiwa tope halijaondolewa, au changarawe itaziba mapema? Na sisi tulio chini ya mto tufuate utaratibu gani ili tupewe nakala ya kibali pamoja na matokeo ya vipimo vya maji?