Wadau, maonesho ya ndege ya siku hizi mbona yamepoa hivi?

Mleta mada

Wadau, habari za wikiendi. Naomba tulijadili hili bila kutukanana.

Juzi nimetoka kwenye maonesho ya ndege, yale makubwa ya siku mbili. Nimekaa juani tangu asubuhi mpaka shingo ikakakamaa. Ikafika zamu ya ndege ya kivita ya kisasa, ambayo mtangazaji alikuwa ameipigia debe nusu siku nzima. Ikapita mara moja, ikapinda, ikayeyuka. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika thelathini na kitu ndipo ikarudi, na muda wote huo tulikuwa tunatazama anga tupu huku jamaa kwenye kipaza sauti akitusomea nguvu za injini na ujazo wa matangi. Mbele yangu kulikuwa na mtoto mabegani kwa baba yake, amejiziba masikio tangu mwanzo, anangoja kishindo. Baada ya dakika mbili tatu akashusha mikono, akaomba maji.

Hapo ndipo nilipoamua kuileta mada hii. Maonesho yamepoa. Ndege zimesogezwa mbali, haziruhusiwi kumwelekea mtazamaji hata kidogo, kila kitu kimepimwa kwa rula. Zamani kule Farnborough, Uingereza, marubani wa majaribio walikuwa wanapiga mbizi kutoka juu kabisa ili mshindo wa kuvuka kasi ya sauti uwaangukie watazamaji vichwani. Mwaka 1958, palepale, jeti 22 aina ya Hunter za Black Arrows, kikosi cha sarakasi cha jeshi la anga la Uingereza, zilipiga kitanzi (zinapanda, zinapinduka, zinashuka zikifunga duara la wima) zote kwa pamoja. Ishirini na mbili! Leo Red Arrows, kikosi chao cha siku hizi, wakija na tisa zao tunatakiwa tushukuru.

Sisemi watu wafe. Nasema tunalipa kiingilio cha kuona simba, tunaoneshwa nyayo.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, mifano yako ni mizuri, ila umeruka kimya kimya mmoja muhimu.

Tarehe 6 Septemba 1952, hapo hapo Farnborough, rubani wa majaribio John Derry alishuka na jeti ya majaribio ya DH.110, akawapa watu huo mshindo unaousifia, akazunguka kurudi uwanjani. Ndege ikapasuka hewani. Injini hazikujua kwamba ndege imekwisha, zikaendelea na safari, moja ikaishia kwenye umati uliokuwa kilimani. Watazamaji 29 walikufa, na Derry mwenyewe na mwenzake Tony Richards. Unajua kilichofuata? Njia ilisafishwa, rubani mwingine, Neville Duke, akapaa na Hunter yake, akapiga mshindo mwingine juu ya watu walewale. Waziri Mkuu Churchill akamwandikia barua ya kumpigia saluti. Mimi huwa sijui niseme nini kuhusu kisa hicho. Ushujaa ulikuwepo, lakini jaribu leo kumweleza mtu ambaye ndugu yake bado amelala kilimani kwamba ratiba inaendelea.

Kanuni za Uingereza za kuziweka ndege mbali na umati zilikazwa baada ya siku hiyo. Halafu ikaja Ramstein, Ujerumani Magharibi, tarehe 28 Agosti 1988. Kikosi cha Italia, Frecce Tricolori, walikuwa wanachora moyo kwa moshi, na ndege moja inaupasua katikati ikija moja kwa moja upande wa watazamaji. Ndiyo hiyo unayoitamani, ndege inayokuja usoni. Ikagongana na wenzake, ikaangukia watu. Waliokufa ni 70, watatu tu ndio marubani. Na Sknyliv, karibu na Lviv, Ukraine, Julai 2002: jeti ya kivita ya Su-27 ilipita chini mno ikafyeka umati, watu 77, watoto 28 wakiwemo. Marubani wawili waliruka kwa viti vya kujiokoa, wakapona.

Huyo mtoto aliyeomba maji alirudi nyumbani, mkuu.

Mchangiaji wa pili

Wote mko sawa, ila mnazungumzia uzio tu. Shoreham, Uingereza, Agosti 2015, Hawker Hunter ilishindwa kumaliza kitanzi ikaangukia barabara kuu ya A27. Watu 11 walikufa, na wote walikuwa nje ya uwanja. Ungeusogeza uzio nyuma kilomita nzima usingewasaidia.

Baada ya hapo mamlaka ya anga ya Uingereza ikazizuia jeti za zamani zisifanye sarakasi kali juu ya nchi kavu. Zipite tu ziende zake. Farnborough nako, kwa sababu ya makazi ya watu pembeni, Red Arrows walikuwa wakipita tu bila kucheza, watazamaji wakalalamika kweli kweli, na baada ya 2018 wikiendi ya umma ikafutwa. Kwa hiyo mleta mada hajaota. Kitu kimepungua. Ila tusikubali kirahisi kwamba kimepungua kwa ukorofi wa mtu ofisini.

Mchangiaji wa tatu

Ngoja niwatoe kwenye kanuni kidogo, naona zinasingiziwa. Mchawi mkubwa hapa ni kasi.

Ndege inapopinda, ukubwa wa mduara wake unafuata kasi ikizidishwa kwa kasi yenyewe. Kasi ikiwa maradufu, mduara unapanuka mara nne, hata kama rubani anastahimili mkandamizo uleule. Chukua jeti inayokwenda kilomita 700 kwa saa. Rubani anaikaza kona mpaka mwili wake unakuwa mzito mara saba, kichwa kinazama mabegani, damu inakimbilia miguuni. Pamoja na mateso yote hayo, nusu kipenyo ya mduara wake ni mita 550 hivi. Maana yake akitoka mbele yako akageuka kurudi, upande wa pili wa kona yake uko zaidi ya kilomita moja kutoka ulipo. Anajiua kule, na wewe unaona kidoti.

Sasa chukua ndege ndogo ya sarakasi, ya pangaboi, kilomita 300 kwa saa, mkandamizo uleule. Nusu kipenyo: mita 100. Inazunguka mbele yako kama nyuki kwenye chupa. Hupindui shingo, hupotezi kitu.

Kwa hiyo hata tukifuta kanuni zote usiku wa leo, jeti ya kisasa haitakaa mbele ya macho yako. Haiwezi. Isitoshe, Marekani umbali wenyewe umepangwa kwa makundi ya kasi: jeti za kasi futi 1,500 kutoka kwa watazamaji, yaani kama mita 450, na ndege ndogo za taratibu zinaweza kusogea mpaka futi 500. Kanuni inaipendelea ndogo kuliko mnavyodhani.

Na sauti pia. Jeti ikiwa kilomita moja, mngurumo wake unakufikia baada ya sekunde tatu. Unageuka kuifuata sauti, ndege ilishahama. Macho na masikio yanagombana, na hapo ndipo mtu mgeni anapokata tamaa. Blue Angels, kikosi cha sarakasi cha jeshi la majini la Marekani, wanalijua hili, ndiyo maana wana ule ujanja wao: wakati nyote mnatazama wenzake upande mmoja, mmoja anatokea upande mwingine, chini chini, karibu kabisa na kasi ya sauti. Hapo mngurumo unafika naye kwa pamoja, hakuna onyo. Nimewahi kuona watu wazima wakimwaga vinywaji. Iko ndani ya kanuni zote hiyo.

Mchangiaji wa nne

Hesabu zimenyooka, lakini zinanipa swali. Kama dawa ni ndege ndogo karibu na mtazamaji, mbona Red Bull Air Race, yale mashindano ya mbio za ndege, ilikufa? Ile ilikuwa na kila unachokitaja. Ndege za pangaboi, kilomita 370 kwa saa, zinapita katikati ya nguzo za kujaza upepo zenye urefu wa mita 25, watu wamejipanga ukingoni mwa maji wanaona mpaka rangi ya kofia ya rubani. Ilianza 2003, ikafungwa 2019, na wenyewe walisema haikuwavutia watu wa nje kama matukio yao mengine.

Mimi nadhani sisi ndio tumebadilika. Juni 1989 pale Le Bourget, Paris, rubani Msovieti Viktor Pugachev aliinua pua ya Su-27 mpaka ikapita wima, ndege ikawa inakwenda mbele huku tumbo limetangulia, kisha akaishusha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Umati wa Magharibi haukuwa umewahi kuona kitu kama hicho kwenye ndege ya ukubwa ule. (Kwenye maonesho hayo hayo, mwenzake Anatoly Kvochur aliruka kutoka kwenye jeti ya MiG-29 sekunde chache kabla haijachimba ardhi, akanusurika. Wiki nzito.) Leo F-22, jeti ya Marekani, inafanya hayo na zaidi, inasimama juu ya moto wake, inajigeuza kama jani, na mtu uwanjani anasema "ah, nilishaiona kwenye simu". Alishaiona kweli! Ameiona kwa ukaribu ambao uwanjani hataupata, imepunguzwa kasi, imewekewa muziki. Uwanja utashindanaje na hilo?

Na tuongeze kwamba Warusi, waliokuwa mafundi wa mambo hayo, hawaonekani tena kwenye viwanja vya Magharibi tangu vita vya 2022. Hakuna kanuni ya usalama iliyowaondoa.

Mchangiaji wa tano

Maonesho ya Oshkosh, Wisconsin, Marekani, wanapokea watu zaidi ya 600,000 kwa wiki moja. Kilichopoa ni nini sasa?

Mchangiaji wa pili

Oshkosh ni mkutano wa wenye ndege, ndugu. Wengi wamekuja kununua vipuri na kulala kwenye hema chini ya bawa. Ukienda sokoni huwezi kusema umeenda kwenye ngoma kwa sababu tu kulikuwa na ngoma sokoni.

Mleta mada

Nimerudi. Nimesoma yote, na ya Ramstein nimeyasoma mara mbili.

Hoja ya kusogeza ndege karibu naifuta. Niliiandika nikiwa na hasira na sikuwa nimeifikiria mpaka mwisho. Lakini mchangiaji wa nne sikubaliani naye kwamba ni sisi tumezoea tu. Red Bull yalikuwa mashindano ya kukimbizana na saa. Ndege moja inapita, unasubiri namba kwenye skrini, tofauti ni nusu sekunde. Jicho la kawaida halioni nusu sekunde. Ukaribu ulikuwepo, ila hukuweza kujua nani anashinda bila kuambiwa, na hapo tumerudi palepale kwa yule jamaa wa kipaza sauti.

Kilichonigusa ni habari ya ndege ndogo. Nikamkumbuka Bob Hoover, Mmarekani, ambaye alikuwa anachukua Shrike Commander, ndege ya kubebea mabosi yenye injini mbili, anazima injini zote mbili hewani, anapiga kitanzi, anabiringika, anatua, na kwa mwendo uleule uliobaki anajisogeza mpaka mbele ya watu anasimama. Kuna picha zake anamimina chai kwenye kikombe huku ndege inabiringika, chai inakaa. Hakukuwa na kishindo. Watu walikuwa wanashika pumzi kwa sababu walielewa kinachofanyika: injini imezimwa, hana nafasi ya kukosea mara mbili. Jeti ya kisasa kompyuta inamsaidia rubani kwa kila kitu, na hata asiposaidiwa mimi siwezi kujua.

Mchangiaji wa tatu

Swali dogo mkuu. Siku hiyo uliyokwenda, ndege ndogo haikuwepo kwenye ratiba?

Mleta mada

Ilikuwepo. Ratiba ninayo hapa mkononi, imekunjamana. Saa sita na robo mchana, ndege moja yenye mabawa mawili ya juu na chini, dakika kumi na mbili.

Saa hiyo nilikuwa foleni ya choo. Nilisikia watu wanapiga mayowe, nikadhani kuna mtu kaanguka jukwaani.

Mchangiaji wa nne

Hahaha! Mada ifungwe.

Mleta mada

Isifungwe, maana hapo ndipo malalamiko yangu yanapohamia. Kwa nini imewekwa saa ya watu kula na kujisaidia, halafu jeti ikapewa saa tisa, wakati ambao kila mtu yuko kwenye uzio? Kwenye bango la mlangoni hiyo ndogo haikuwepo kabisa, kulikuwa na jeti peke yake ikitoa moto. Mwaka huu wamerudia. Kama kuna mdau humu amewahi kukaa kwenye kamati ya kupanga ratiba hizi, naomba aje atueleze wanaanzaje kupanga.