Skripti ya Zuhura: miaka mitatu baada ya gonjwa

Zuhura: Shikamooni wakubwa wote. Skripti ya filamu ya gonjwa imefika nusu, naomba mnikosoe bila kunionea haya. Kwa kifupi: virusi vinaua watu 99 kati ya 100 ndani ya wiki mbili. Miaka 3 baadaye Neema anaendesha gari peke yake katikati ya jiji tupu. Jengo moja bado lina taa. Anapita kwenye handaki la treni ya chini ya ardhi kumtafutia mdogo wake insulini. Mwishoni anampata msichana ambaye virusi havimpati, na damu yake inakuwa dawa ya dunia nzima.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoangusha filamu nyingi za aina hii kabla hata hatujafika kwenye virusi. Jiji lako lina watu wangapi?

Zuhura: Kama milioni 1.

Shangazi Mwanaidi: Basi wanabaki 10,000. Huo ni mji mdogo mzima. Kutakuwa na moshi wa majiko, nguo zimeanikwa, njia zimekanyagwa kwenye majani. Duniani kote, kwa watu bilioni 8, wanabaki milioni 80. Hata ukiua 999 kati ya 1,000, jijini mwako bado kuna watu 1,000.

Zuhura: Kwa hiyo jiji tupu nilifute?

Baba Mdogo Kheri: Usilifute, badilisha sababu tu. Watu watalihama kwa ajili ya maji. Sehemu nyingi maji ya bomba husukumwa na pampu za umeme. Umeme ukikatika, tangi la juu linakauka ndani ya siku moja hivi. Presha ikishuka, maji machafu ya ardhini yanaingia kwenye mabomba kupitia viungo vinavyovuja, kwa hiyo hata kile kidogo kinachotoka kinaharisha watu. Waliobaki watahamia mtoni, kwenye chemchemi na visima vya pampu ya mkono. Jiji liwe tupu, kingo za mto zijae watu.

Kaka Idi: Hapo umemwokoa, Baba Mdogo. Ila gari la Neema ni la petroli au dizeli?

Zuhura: Sijaandika. Analikuta barabarani, funguo ziko ndani, analiwasha.

Kaka Idi: Haliwaki. Tuanze na betri. Betri ya asidi inajimaliza yenyewe, na gari za kisasa zinaendelea kula umeme kidogo kidogo hata zikiwa zimezimwa. Miezi michache inatosha kuiua. Ikikaa tupu, salfeti ya madini ya risasi inagandia kwenye pleti na hata ukiichaji haipokei tena. Halafu petroli. Petroli ya kawaida ikikaa kwenye tangi la gari ina miezi 3 mpaka 6 kabla haijaanza kusumbua. Vile vijenzi vyepesi vinavyoshika moto haraka huruka kwanza, injini baridi inakataa kuwaka. Inayobaki inaungana na oksijeni na kutengeneza utomvu wa kahawia unaonata. Ukifungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, iliyokaa na petroli miaka 3 utakuta ule utomvu umekauka chini ya bakuli, na kitundu cha jeti, kile chembamba cha kupitisha sindano, kimeziba kabisa. Petroli iliyochanganywa na ethanoli ni mbaya zaidi, inavuta unyevu wa hewani mpaka maji na ethanoli vinajitenga na kushuka chini ya tangi, ambako ndiko pampu inakofyonza.

Zuhura: Nimpe baiskeli?

Kaka Idi: Baiskeli ni jibu zuri sana, na hakuna filamu inayoitumia vya kutosha. Ukitaka gari kwa lazima, mpe lori la dizeli la zamani, lenye pampu ya sindano, ile inayodunga dizeli kwenye injini, isiyo na kompyuta, na linalozimwa kwa waya wa kuvuta. Likiwa mteremkoni linawaka bila betri, unaliachia, unatia gia ya pili, unaachia klachi. Dizeli nayo inaharibika, ila taratibu. Maji yakikusanyika chini ya tangi, bakteria na ukungu huota pale maji yanapokutana na dizeli, wanatoa ute mweusi unaoziba chujio. Injini za namna hiyo zinaweza pia kwenda kwa mafuta ya kupikia, mradi uyachuje na kuyapasha moto yawe mepesi.

Zuhura: Naandika yote haya. Shangazi, virusi je? Nina onyesho mtu anamkoholea askari usoni, dakika moja baadaye askari anatoka damu machoni.

Shangazi Mwanaidi: Futa hilo. Kirusi lazima kiingie kwenye seli, kijinakili, seli itoe vipya, vikaingie seli nyingine. Mzunguko mmoja tu unachukua saa kadhaa, na inahitajika mizunguko mingi kabla mtu hajaugua. Homa ya mafua, ambayo ni ya haraka, dalili zake huanza siku ya 1 mpaka ya 4. Ebola ni siku 2 mpaka 21. Na hapo ndipo penye onyesho lako. Mtu aliyemgusa mgonjwa wa Ebola hufuatiliwa siku 21, anapimwa joto mara mbili kwa siku. Mweke askari huyo kwenye chumba, mkewe nje ya dirisha, kipimajoto asubuhi na jioni.

Da Rehema: Na hilo la wiki mbili dunia nzima?

Shangazi Mwanaidi: Ndilo nililokuwa naliendea. Waandishi wanachukua sifa mbaya kuliko zote za kila ugonjwa na kuzirundika pamoja. Surua, mgonjwa mmoja anaambukiza 12 mpaka 18 kati ya watu wasio na kinga, lakini wengi sana wanapona. Ndui iliua kama 3 kati ya 10. Kichaa cha mbwa kinaua karibu kila aliyeanza kuonyesha dalili, lakini hakitembei kutoka mtu hadi mtu. SARS, ule ugonjwa wa mapafu wa 2003, ilizimwa baada ya wagonjwa kama 8,000 kwa sababu watu waliambukiza zaidi wakiwa tayari hoi, kwa hiyo ukiwatenga mapema umekata mnyororo. Kwa hiyo usihangaike kukifanya kirusi chako kiue haraka. Kifanye kiambukize kimya. Dalili zije siku ya 10, maambukizi yaanze siku ya 3. Siku hizo 7 mtu yuko kazini, yuko kwenye ndege, yuko harusini. Na upe mlipuko miezi, siyo wiki.

Zuhura: Lakini 99 kati ya 100 haiwezekani kabisa?

Shangazi Mwanaidi: Kwa wanyama imetokea. Mwaka 1950 Australia ilisambaza kirusi cha miksomatosisi ili kupunguza sungura. Mwanzoni kiliua zaidi ya 99 kati ya 100 walioambukizwa. Baada ya miaka michache aina zisizo kali sana ndizo zilizotawala, kwa sababu sungura aliyeishi siku nyingi zaidi ndiye aliyeumwa na mbu wengi zaidi. Na sungura wenyewe wakawa sugu kizazi baada ya kizazi. Hawakuisha. Kwako ningeandika wafe 60 kati ya 100 kwa kirusi, halafu wengine wafe kwa kukosa maji, uzazi salama na dawa. Hiyo inaaminika, na inauma zaidi.

Kingine, visiwa. 1918 meli iitwayo Talune, kutoka Auckland, iliingiza homa ya mafua Samoa ya Magharibi, karibu mtu 1 kati ya 5 akafa. Samoa ya Marekani, jirani yao kabisa, ilifunga bandari na haikuzika hata mmoja kwa ugonjwa ule. Filamu ikisema hakuna mahali popote palipopona, mimi naacha kuiamini.

Zuhura: Na magenge? Nina magenge yanauana wiki ya kwanza.

Shangazi Mwanaidi: Tauni ya 1346 hadi 1353 iliua theluthi moja mpaka nusu ya watu wa Ulaya. Mwaka 1351, bunge la Uingereza lilikuwa linatunga sheria ya kuzuia vibarua wasidai mishahara mikubwa, kwa kuwa wafanyakazi walikuwa wameadimika. Mahakama zilikaa, wosia ziliandikwa. Watu wanang'ang'ania utaratibu. Gombano lako liwe la nani analima na nani anasimamia kisima, siyo bunduki tu.

Baba Mdogo Kheri: Nimerudi. Taa za lile jengo.

Gridi, yaani mtandao wa umeme, inaishi kwa mizani, umeme unaozalishwa lazima ulingane na unaotumika kila sekunde, vinginevyo mizunguko inatoka kwenye 50 au 60 kwa sekunde na mitambo inajikata yenyewe kujilinda. Vituo vya makaa ya mawe vinazimika vikikosa mtu wa kulisha makaa, vya gesi vikikosa presha kwenye bomba. Minara ya simu ina betri za saa chache tu. Kinachoweza kubaki ni kituo kidogo cha umeme wa maji chenye bwawa, kilichojitenga na gridi, kinacholisha mzigo, yaani matumizi ya umeme, mdogo usiobadilika sana.

Zuhura: Miaka 3?

Baba Mdogo Kheri: Bila watu, hapana. Kwenye mdomo wa bomba linaloshuka kwenye tabo, lile gurudumu linalozungushwa na maji, kuna wavu wa vyuma wa kuzuia takataka. Majani, magogo, mifuko, vyote vinajikandika pale. Maji yanapita kwa shida, tabo inaanza kutetemeka, ulinzi unaikata. Ikishakatika haijiwashi, anahitajika mtu wa kuangalia hitilafu na kuirudisha. Betri za kituo zinazolisha mfumo wa ulinzi nazo zinakufa zisipochajiwa. Kaboni brashi za jenereta zinalika. Sasa weka watu watatu. Kila asubuhi wanapanda na reki ndefu, wanakwangua wavu kuanzia juu kwenda chini, wanavuta gogo kwa kamba. Mmoja anakaa kwenye gavana, kifaa kinachodhibiti kasi ya tabo. Na kuna sheria kituoni: hakuna anayewasha au kuzima kitu kikubwa bila kumwambia wa gavana. Wakizima mzigo wote kwa pamoja tabo inakimbia kupita kasi yake na inajikata.

Zuhura: Hao watu watatu tayari nawaona. Na handaki?

Baba Mdogo Kheri: Limejaa maji. New York peke yake hupampu kama lita milioni 49 kwa siku kutoka kwenye njia zake za chini, hata mvua isiponyesha. Pampu zikisimama, sehemu za chini zinaanza kujaa ndani ya saa chache. Mpitishe juu ya daraja.

Da Rehema: Insulini sasa. Mdogo wake Neema ni kisukari aina ya kwanza?

Zuhura: Ndiyo, ana miaka 9.

Da Rehema: Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 mpaka 8. Nje ya friji, aina nyingi zinaruhusiwa kama siku 28 tu. Baadaye haigeuki sumu, inapungua nguvu, na huwezi kujua imebaki kiasi gani. Vidonge vikavu ni tofauti, vingi vinabaki na nguvu miaka kadhaa baada ya tarehe iliyoandikwa vikitunzwa pakavu. Insulini ya miaka 3 bila friji usimpe mtoto. Na bila insulini kabisa, aina ya kwanza inaua ndani ya siku au wiki chache.

Zuhura: Basi amekufa kabla filamu haijaanza?

Da Rehema: Si lazima. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Eva Saxl, mwenye kisukari, na mumewe walikwama Shanghai, insulini ikaisha. Walitengeneza wenyewe kutoka kwenye kongosho za nyati-maji, wakafuata maelezo ya kitabu cha tiba, wakajaribu kwa sungura kwanza ili kujua nguvu ya kila mkupuo. Eva alinusurika, na wenye kisukari wengine nao walisaidiwa. Mpeleke mtoto kwenye kile kituo cha umeme. Friji ipo pale, na machinjio yanaweza kuwa jirani. Neema atafute vyombo vya kioo, asidi, alkoholi na kitabu.

Shangazi Mwanaidi: Hapo umemaliza Rehema. Sasa yule msichana wa damu. Zuhura, kinga yake imetoka wapi?

Zuhura: Amezaliwa nayo.

Shangazi Mwanaidi: Basi damu yake haimsaidii mwingine. Kuna watu wasio na ule mlango uitwao CCR5 kwenye seli zao, aina nyingi za VVU haziingii. Timothy Ray Brown alipona VVU kwa kupandikizwa seli zinazotengeneza damu kutoka kwa mtu wa namna hiyo, siyo kwa kudungwa damu. Mwandike kama mtu aliyeugua akapona, hapo damu yake ina kingamwili.

Da Rehema: Na hesabu yake ni hii. Chupa moja ya damu ni mililita 450, inatoa plazma, yale maji ya damu yenye kingamwili, kama 200 mpaka 250, dozi ya mgonjwa mmoja. Anapumzika wiki 8 kabla ya kutoa tena. Kwa hiyo wagonjwa 6 kwa mwaka. Kinga yenyewe ni ya kuazima, kingamwili hizo hupungua nusu kila wiki 3 hivi. Dawa halisi kutoka kwa manusura ipo, ansuvimab ya Ebola imetokana na mtu aliyenusurika mlipuko wa Kikwit, Kongo, wa 1995, lakini iliidhinishwa Marekani 2020, na inazalishwa na seli kwenye matangi ya kiwandani.

Shangazi Mwanaidi: Na ujiulize nani anaihitaji. Mwaka wa 3 waliobaki ama waliugua wakapona, ama hawakufikiwa. Kirusi cha namna hiyo hakiwezi kuishi kwenye watu 10,000, surua yenyewe inahitaji laki kadhaa ili isizimike. Kifiche kwa panya, kiendelee kuishi huko. Hapo walio hatarini ni watoto waliozaliwa baada ya mlipuko, na msichana wako ana dozi 6 kwa mwaka. Nani anachagua watoto hao?

Zuhura: Shangazi, hilo ndilo onyesho la mwisho. Neema anashusha lori la dizeli mpaka kituoni, mdogo wake nyuma, msichana pembeni.

Kaka Idi: Sawa, ila kabla ya kuondoka afungue skrubu ya chini ya chujio, amwage maji na ule ute mpaka dizeli itoke safi. Kisha alegeze skrubu ya hewa, apampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, ndipo akaze. Hewa ikibaki kwenye mabomba, injini itazunguka mteremko mzima na haitawaka.